Mzigo wa Mwenzio si Kanda la Usufi



Jambo tutakalozungumza juma hili si geni masikioni mwenu. Husikika mlangoni mwa kanisa baada ya Misa, husikika sokoni, na siku hizi husikika hata darasani. Mtu akijaliwa fedha kidogo, kwa mavuno mema au kwa mshahara alioweka akiba, anunue chombo gani cha safari? Pikipiki au motokaa? Na kama ni motokaa, iwe hii inywayo petroli, au ile mpya ya umeme ambayo twasikia kwamba haitoi moshi?

Wako wasemao kwamba mabishano ya namna hii ni ya matajiri wa Ulaya na Marekani, nasi tukaao Shasha hayatuhusu. Sivyo. Yatuhusu sana, na pengine kuliko wao. Wahenga walisema: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Maana yake, mzigo ulio kichwani pa mwingine huonekana mwepesi kama pamba machoni pa atazamaye. Habari yote ya motokaa na pikipiki imo ndani ya methali hiyo, kama tutakavyoona.

Barabara yetu

Shasha ipo Masisi, kando ya barabara ya taifa namba 2. Barabara hiyo yatoka Goma, yafika Sake, yapita Shasha na Bweremana, kisha Minova, na kuendelea mpaka Bukavu. Ketini kando yake siku ya soko mkahesabu vipitavyo. Mama apita ameinama, gunia la mihogo mgongoni, kamba ya mzigo ikimkaza kwenye paji la uso. Kijana apita na chukudu iliyojaa makaa. Pikipiki yapita na watu watatu na mbuzi mmoja. Lori lapita, watu wameketi juu ya magunia ya maharagwe. Halafu yapita motokaa kubwa ya fahari, vioo vimefungwa, ndani mna dereva na bwana mmoja tu. Na vumbi lake lamwangukia yule mama.

Barabara hiyo imeonja mambo mazito. Tarehe 22 Mei 2021 mlima Nyiragongo ulitapika moto, na siku tano baadaye wakuu wa serikali waliwaamuru watu wa sehemu kubwa ya mji wa Goma wahame. Maelfu kwa maelfu walielekea Sake, na wengine wakaendelea hadi Minova. Magari, pikipiki, chukudu na watu wa miguu walisongamana njia nzima. Siku kama ile hakuna aulizaye motokaa yako yang'aa namna gani. Swali ni moja tu: yaweza kuchukua watu wangapi?

Tena mwanzoni mwa Februari 2024 mapigano yalifika hapa Shasha, na njia ya kwenda Goma ikakatika. Watu na mazao wakageukia ziwa. Basi sisi si wageni wa jambo hili. Tumekwisha kufundishwa kwa uchungu kwamba safari ni chakula, ni dawa, tena ni uhai.

Wanafunzi watatu wabishana

Tuwasimamishe wanafunzi watatu mbele yetu, kama ilivyo desturi shuleni siku ya mjadala, kila mmoja atetee chombo chake.

Wa kwanza asema: "Mwalimu, nanyi ndugu zangu, mimi natetea motokaa ya petroli. Usiku mama akishikwa na uchungu wa kuzaa, nanyi mko mbali na hospitali, mtampakia juu ya chukudu? Mvua ikinyesha na barabara ikawa tope, mtamwita nani? Motokaa yafika. Fundi wake yupo Sake, vipuri vyake vipo Goma. Mengine ni ndoto."

Wa pili asimama: "Ndugu yangu amesema kweli, lakini amesahau bei. Petroli haichimbwi Masisi. Husafirishwa kutoka bandari za Mombasa na Dar es Salaam, huvuka mipaka, na kila mpaka huongeza gharama. Lakini maji yetu hushuka milimani bure, na maji huzaa umeme. Motokaa na pikipiki za umeme hazitoi moshi. Kwa nini tununue mbali kile tulicho nacho nyumbani?"

Wa tatu, ambaye ni mdogo wao, ajibu: "Wakubwa zangu, ninyi mnagombania vyombo ambavyo baba zetu hawana fedha ya kuvinunua. Mimi natetea chukudu. Imechongwa na watu wetu, kwa miti yetu, na inalisha familia zetu. Haiombi petroli wala umeme. Tena pale Goma imesimamishiwa sanamu katikati ya njia. Je, motokaa ina sanamu?"

Wenzao wakapiga makofi. Lakini mwamuzi hatoi hukumu kwa makofi. Tuyapime maneno yao moja moja.

Petroli na moshi wake

Yule wa kwanza hakukosea. Motokaa imeokoa roho nyingi katika milima yetu. Padri apelekaye Sakramenti kwa wagonjwa wa mbali, sista mwuguzi, mnunuzi wa mazao, wote waihitaji. Hata Baba Mtakatifu Fransisko, alipozungumza na waseminari na wanovisi huko Roma tarehe 6 Julai 2013, hakusema motokaa ni dhambi. Alikiri kwamba kazi ni nyingi na motokaa yahitajika. Aliloonya ni kwamba humwuma moyo kumwona padri au sista katika motokaa ya mtindo wa mwisho, akawashauri wachague iliyo nyenyekevu zaidi na kuwakumbuka watoto wafao kwa njaa. Neno hilo waliambiwa watawa, lakini sisi walei tusijifanye kwamba halituhusu.

Sasa tutazame moshi. Lita moja ya petroli yapungua uzito wa kilo moja. Lakini ikiungua yatoa kilo mbili na zaidi, karibu 2.3, za hewa ya ukaa. Mwanafunzi atauliza: yawezekanaje kitu kitoe kilichozidi uzito wake? Jibu ni hili: kaboni iliyo ndani ya petroli huungana na oksijeni ya hewani, na uzito wa oksijeni huongezwa juu yake. Kwa mfano, mwendesha pikipiki atumiaye lita 3 kwa siku, siku 26 za kazi, huchoma lita 78 kwa mwezi, na kutoa hewa ya ukaa karibu kilo 180. Hewa hiyo haionekani, haina harufu, nayo hukaa angani muda mrefu ikiifunika dunia kama blanketi na kuzuia joto lisitoke.

Tusidhani joto hilo ni la wengine. Hewa yenye joto huchukua mvuke mwingi zaidi, na mvuke ukishuka huwa mvua kubwa. Mwanzoni mwa Mei 2023, mbele kidogo ya Minova, katika eneo la Kalehe, maji na mawe yalishuka mlimani yakavifagia vijiji vya Bushushu na Nyamukubi. Watu zaidi ya 400 walikufa. Hatusemi kwamba mvua ile moja ililetwa na motokaa. Na miteremko iliyokatwa miti ina sehemu yake katika maafa kama hayo. Twasema tu kwamba dunia ikizidi kupata joto, watu wakaao chini ya milima mikali kama sisi ndio watakaolipa kwanza, ingawa motokaa zao ni chache kuliko za wote.

Iko hatari nyingine ambayo wanunuzi hawaitazami. Motokaa nyingi zilizotumika ziletwazo kwetu zatoka Japani. Huko Wajapani huendesha upande wa kushoto, hivyo usukani wao uko kuume. Sisi wa Kongo huendesha upande wa kuume. Dereva mwenye usukani wa Kijapani, akitaka kulipita lori, haoni kinachokuja mbele mpaka motokaa yake imekwisha kuingia katikati ya njia. Na basi dogo la namna hiyo lina mlango wake mkubwa upande wa kushoto, yaani upande wa katikati ya barabara, hata mama ashukapo na mtoto mgongoni hukanyaga palepale magari yapitapo. Anunuaye kwa sababu ya urahisi wa bei na apige hesabu ya damu pia.

Umeme

Yule wa pili naye ana haki. Injini ya petroli hugeuza kuwa mwendo kama robo tu ya nguvu iliyomo ndani ya mafuta. Iliyobaki hupotea kama joto. Mota ya umeme hugeuza zaidi ya robo tatu. Haina mafuta ya kubadilisha kila mara, wala kelele, wala moshi wa kuwakohoza watoto njiani. Na umeme wa Kongo karibu wote hutoka katika nguvu za maji. Bukavu imepata umeme wa mto Ruzizi tangu mwisho wa miaka ya 1950. Upande wetu, mtambo wa Matebe huko Rutshuru, uliojengwa na watu wa hifadhi ya Virunga, ulizinduliwa mwaka 2015, na umeme wake ukaletwa mpaka Goma.

Majirani wamekwisha kuanza. Kigali, waendesha pikipiki hubadilisha betri kituoni kwa dakika chache, wakaendelea na kazi. Na tangu Januari 2025 serikali yao iliamua kwamba pikipiki mpya za kuchukua abiria mjini humo zisajiliwe za umeme tu. Nairobi, mabasi ya umeme yalianza kuchukua abiria mwaka 2022. Tanzania, treni ya umeme ilianza safari kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwaka 2024, kisha ikafika Dodoma mwaka huohuo. Angalieni jambo moja: nchi hizo hazikuanza na motokaa ya fahari ya bwana mmoja. Zilianza na pikipiki ya kazi, basi na treni, yaani vyombo vya watu wengi.

Lakini chombo cha umeme mahali pasipo na waya wa umeme ni kama mtungi pasipo na kisima. Watu wengi wa nchi yetu hawajapata umeme nyumbani mwao. Mtu wa kijiji kisicho na umeme akinunua pikipiki ya namna hiyo leo kwa kuwa ameiona katika picha, kesho ataisukuma. Umeme kwanza, chombo baadaye.

Usione vyaelea, vimeundwa

Sasa twafikia kiini cha maneno yetu. Katika nchi tajiri watu hununua motokaa ya umeme na kusema: "Mimi sasa ni safi, sichafui dunia." Twafurahi kwamba wanaijali dunia. Lakini wahenga wetu walisema: usione vyaelea, vimeundwa. Nani amekiunda chombo hicho? Vitu vyake vimetoka wapi?

Vingine vimetoka kwetu. Betri nyingi za motokaa huhitaji kobalti, na zaidi ya theluthi mbili ya kobalti yote ichimbwayo duniani hutoka Kongo, hasa pande za Kolwezi. Mwaka 2016 shirika la Amnesty International lilieleza habari za watoto wafanyao kazi katika machimbo hayo. Koltani hutoka Rubaya, hapahapa Masisi. Kutoka humo hupatikana tantali, ambayo hutengenezewa vipande vidogo sana vya kushikia umeme ndani ya simu, kompyuta na mitambo ya motokaa. Bati la Bisie, huko Walikale, lilichimbwa kwa mikono tangu mwanzo wa miaka ya 2000, na kampuni kubwa ikaanza kuchimba hapo mwaka 2019. Bati ndilo linalounganisha nyaya na vipande vya kila chombo cha umeme.

Basi motokaa ipitayo kimya katika barabara laini za Ulaya yaweza kuwa na vumbi la Masisi na la Walikale ndani yake. Na wale waliolichimba? Wengi wao huingia mashimoni kwa koleo na mikono, katika miteremko iporomokayo wakati wa mvua. Wenye bunduki wamepigania milima hiyo miaka mingi. Wake za wachimbaji hubeba mihogo mgongoni, kwa maana kijijini kwao hakuna hata barabara ifaayo basikeli. Je, mzigo huo ni kanda la usufi?

Tunasoma katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme habari ya Nabothi na shamba lake la mizabibu. Mfalme Ahabu alilitamani shamba, Nabothi akakataa kuuza urithi wa baba zake, akauawa kwa ushahidi wa uongo. Mfalme alilitwaa shamba bila kuinua mkono yeye mwenyewe. Wengine walimfanyia kazi hiyo. Lakini nabii Elia hakumwuliza Yezebeli wala wale mashahidi. Alimwendea yeye aliyefaidi. Baba Mtakatifu Fransisko alipofika Kinshasa tarehe 31 Januari 2023 alisema kama nabii: aliwataka wenye nguvu duniani waondoe mikono yao juu ya Kongo na juu ya Afrika, akakumbusha kwamba nchi hii si mgodi wa kunyonywa.

Msinielewe vibaya. Sisemi kwamba motokaa ya umeme ni mbaya na ile ya petroli ni njema. Motokaa mpya ya petroli nayo ina koltani na bati ndani yake, na juu ya hayo yachoma mafuta maisha yake yote. Wala sisemi migodi ifungwe, maana familia nyingi hula kwa jasho hilo. Mafundi wamekwisha kutengeneza betri zisizohitaji kobalti, bali chuma na fosfati. Hilo laweza kupunguza tamaa, lakini kama haki haikuingia, tamaa itahamia shimo jingine. Ninasema hivi: usafi wa chombo hauhesabiwi kwenye bomba la moshi peke yake. Unaanza kuhesabiwa kwenye mdomo wa shimo. Mnunuzi wa ng'ambo asemaye yeye ni safi na aulize mchimbaji amelipwa nini, nani ametoza kodi njiani, na mtoto wa mchimbaji yuko shuleni au shimoni. Barua ya Baba Mtakatifu Fransisko, Laudato si', ya mwaka 2015, yafundisha hayohayo: kilio cha dunia na kilio cha maskini ni vya kusikilizwa pamoja. Tusikubali watu watuambie habari ya kilio kimoja wakiziba masikio kwa kile cha pili.

Chukudu na mashua

Tumrudie mwanafunzi wa tatu. Wako vijana waonao haya kusukuma chukudu. Wajiona wameshindwa maisha. Haya hiyo haina msingi. Chukudu yachongwa kwa mti mgumu, magurudumu yake yafungwa mpira wa tairi kuukuu, breki yake ni kipande cha mpira. Hubeba mamia ya kilo za viazi, kabichi na makaa kutoka milimani hadi mjini. Ikivunjika, mwenyewe huitengeneza. Katika habari ya chombo kisichochoma mafuta, baba yako wa chukudu amewatangulia matajiri wengi, wala hakuna aliyempa sifa.

Lakini mtoto wetu asizidishe sifa. Chukudu hushuka mlima kwa nguvu ya mteremko, lakini kuupanda ni mateso, na mgongo wa msukumaji huchakaa mapema. Tena yatupasa kuuliza imebeba nini. Ikibeba makaa yaliyokatwa ovyo katika msitu, chombo ni safi lakini mzigo si safi. Wala mgonjwa hawezi kungoja chukudu.

Ziwa nalo ni barabara tuliyopewa na Mungu, isiyo na tope wala mashimo. Mashua moja hubeba mizigo ya malori kadhaa kwa mafuta machache kwa kila gunia. Lakini tarehe 3 Oktoba 2024 mashua Merdi, itokayo Minova, ilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma, watu wakiitazama kutoka ufukoni. Ilikuwa imejaa kupita kiasi. Makumi ya watu walikufa maji, na wengi hawakuwa na koti la kuelea. Chombo cha wengi ni chema. Chombo cha wengi kupita kiasi ni kaburi. Nahodha apakiaye watu mia zaidi kwa ajili ya nauli amewageuza ndugu zake kuwa magunia. Na abiria aonaye mashua imezama mpaka ukingoni na ashuke, hata kama wamcheka.

Mizani ya kuchagulia

Bwana wetu alifundisha kwamba atakaye kujenga mnara huketi kwanza ahesabu gharama. Basi kabla ya kununua chombo, baba na mama wa nyumba waketi pamoja, na watoto wakubwa waitwe, wajiulize maswali haya.

Kwanza: chombo hiki kitaondoa mzigo wa nani? Kama kitamwondolea mama gunia mgongoni, au kumfikisha mgonjwa hospitali, hapo kuna sababu. Kama kitabeba sifa ya baba peke yake, sababu haipo.

Pili: fedha yatoka wapi? Motokaa iliyonunuliwa kwa karo ya watoto imemgonga mtu kabla ya kutoka nyumbani. Na bei ya kununua ni mwanzo tu. Kuna mafuta, matairi, kodi na fundi.

Tatu: nani atakitengeneza? Chombo kisicho na fundi wala vipuri karibu huwa banda la kuku.

Nne: kinawadhuru wengine kiasi gani? Hapa huingia moshi, kelele, usukani, breki, na habari ya mashimo ya madini. Kati ya vyombo viwili vifaavyo sawa, chagua kidogo, kitumiacho kidogo. Umeme ukifika kwenu na fundi akapatikana, pikipiki ya umeme ndiyo ya kuchaguliwa kwanza.

Tano, na hili ni kubwa: je, hatuwezi kuwa nacho pamoja? Familia kumi zilizo katika chama cha akiba haziwezi kununua motokaa kumi. Lakini zaweza kununua lori dogo moja la kupeleka mazao Goma, au mashua moja yenye makoti ya kuelea kwa kila abiria, na daftari la hesabu lisomwalo mbele ya wote kila mwezi. Nasema daftari, kwa maana vyombo vya ushirika vingi havifi kwa ajali. Hufa kwa hesabu zilizofichwa.

Bwana wetu mwenyewe, alipoingia Yerusalemu kama Mfalme, alipanda punda wa kuazima, akaahidi kumrudisha. Na yule Msamaria mwema alimpandisha mtu aliyejeruhiwa juu ya mnyama wake mwenyewe. Pengine yeye mwenyewe akaenda kwa miguu. Hayo mawili yatosha kumfundisha Mkristu maana ya kuwa na chombo.

Neno la mwisho

Enyi akina baba, msiwe na haraka ya kununua fahari. Enyi akina mama, msiogope kusema neno lenu katika shauri hili, kwa kuwa migongo yenu ndiyo iliyobeba nchi hii. Nanyi wanafunzi, yule atakayejifunza kutengeneza mota ya umeme na betri atakuwa na kazi Masisi kabla ya wenzake. Na yule atakayejifunza sheria za madini atatufaa zaidi bado.

Na wewe mwenye motokaa, ukipita Shasha jioni ukamwona mama na gunia lake, na nyuma yako pana nafasi, simama. Usimtoze. Mwulize aenda wapi, umsaidie kupakia.

Mungu azibariki familia zenu, na Mama Maria awasindikize safarini.

Mwalimu wenu.